Jirani Yetu Aliye Bondeni

Wazee wetu walisema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Twautumia msemo huu kumwonya kijana asiyeushika ulimi wake, au mtu aliyefanya jambo kwa pupa. Leo twapenda kuutumia kwa maana yake ya kwanza kabisa, yaani juu ya maji yenyewe. Kila siku, katika kila nyumba, mama hufua nguo, watoto huoga, vyombo huoshwa, choo humwagiwa maji. Maji hayo yakisha kumwagwa hayazoleki tena. Lakini, wasomaji wapenzi, kusema kwamba hayazoleki si kusema kwamba yametoweka. Yamekwenda mahali, na huko yalikokwenda yuko mtu. Ni juu ya mtu huyo tunataka kusema leo.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34 ya kitabu chake, awakemea kwanza wachungaji wabaya. Maneno hayo twayajua vema, nasi mapadre huyasoma kwa hofu. Lakini baada ya wachungaji, Nabii awageukia kondoo wenyewe. Awauliza wale walionona kama haikuwatosha kunywa maji safi, hata wakayakanyaga na kuyavuruga yaliyosalia, na wenzao wadhaifu wakaachiwa tope. Angalieni vema kosa lao. Hawakushtakiwa kwa kunywa, maana kiu si dhambi, na Mungu aliyaumba maji yapate kunywewa. Walishtakiwa kwa namna walivyoyaacha maji baada ya kushiba wao wenyewe.

Hukumu hiyo yauhusu kila mji uliojengwa kando ya mto. Tuchukue mfano mmoja ambao wasomaji wetu wengi wanaujua. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, kule walikofika wamisionari Wabenediktini mwaka 1888, na ambako Wakristo huenda kuhiji hata leo. Kutoka huko mto washuka kupitia Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata na Kigogo, wafika katika bonde la Jangwani, kisha waingia baharini karibu na daraja la Selander. Njiani umebebeshwa maji machafu ya viwanda, uchafu wa machinjio, takataka za masoko, na majitaka ya nyumba zisizohesabika. Na kandokando yake, katika bonde hilohilo, kwa miaka mingi wakulima wamelima mchicha na matembele, wakimwagilia matuta yao kwa maji ya mto. Asubuhi mboga hizo hubebwa sokoni, na jioni zimo katika sufuria za mjini. Basi yule wa juu aliyedhani kwamba uchafu wake umekwenda zake na hautarudi, huenda amerudishiwa mezani pake.

Iko desturi moja ambayo watu wa Dar es Salaam wanaijua kwa jina, na jina lenyewe laonyesha aibu yake: kutapisha choo. Nyumba nyingi za mji ule hazikuunganishwa na mabomba ya majitaka, bali hutumia vyoo vya shimo na mashimo ya kuhifadhia majitaka. Shimo likijaa, mwenye nyumba hungoja masika. Usiku mvua inaponyesha kwa nguvu, hutoboa ukuta wa shimo, akayaacha yaliyomo yachukuliwe na mafuriko. Kukipambazuka shimo ni tupu, ua umesafishwa, wala hakuna fedha iliyotoka mfukoni. Jumapili mtu huyo huvaa shati jeupe, huenda Misani pamoja na watoto wake, na anapojihoji moyoni haoni kosa. Hakuiba, hakusengenya, hakugombana na jirani.

Twasema kwa upole, lakini twasema wazi: amemkosea jirani. Amemkosea gizani, tena bila kumwona uso. Kule bondeni mama mwingine ameamka usiku uleule akakuta maji yale yameingia chumbani hata mvunguni mwa kitanda cha watoto, na kisima anachotekea kimefunikwa na mafuriko. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza kuenea katika Dar es Salaam, kikafika mikoa mingine mingi na Zanzibar. Kabla hakijatulia, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua na mamia walikuwa wamekufa. Hatusemi kwamba nyumba fulani au mvua fulani ndiyo iliyoleta msiba ule. Lakini njia ya ugonjwa huo yajulikana: hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, ukaingia kinywani mwa mtu mzima kwa njia ya maji, ya chakula na ya mikono. Homa ya matumbo na kuhara damu hupita njia iyo hiyo. Basi mtu anayeifungua njia hiyo kwa makusudi, ajiulize mbele ya Amri ya Tano. Mwenyezi Mungu alipokataza kuua, hakusema kwamba amri yaishia kwenye mkuki na panga.

Tena si watu peke yao wanaoumia. Mto nao hufa. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka majini, na hewa hiyo ni haba. Katika nchi zenye joto kama yetu, lita moja ya maji safi ya mto huwa na miligramu 7 au 8 tu za oksijeni. Majitaka yanapoingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kuila taka iliyomo, na katika kuila huitumia hewa ileile. Lita moja ya majitaka ya nyumbani huhitaji kiasi cha miligramu 200 hadi 400 za oksijeni ili taka yake iliwe. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Mto hauna hewa ya kutosha kulipa deni kubwa hivyo. Samaki hukimbia au huelea wamekufa, maji huwa meusi, nao uvundo hupanda hata madirishani. Ndiyo maana kanuni za nchi yetu za mwaka 2007 zaagiza kwamba kipimo hicho kisizidi miligramu 30 katika lita moja kabla majitaka hayajaachiliwa yaende mtoni.

Je, haiko dawa? Iko, nayo ni mtambo wa kusafisha majitaka. Wakristo wengi hupita karibu na mahali pa namna hiyo wakiziba pua, bila kuuliza ni kazi gani inayofanyika ndani ya ua ule. Yafaa tuieleze, maana mtu hawezi kukiheshimu kitu asichokijua.

Katika nchi za jua, namna ifaayo sana na isiyo ya gharama kubwa ni mabwawa yanayofuatana. Mabwawa ya jinsi hii yamechimbwa Vingunguti, na kadhalika Moshi, Mwanza, Dodoma na Morogoro. Majitaka yanapofika hupita kwanza katika chujio la vyuma, ambalo huzuia matambara, vijiti na mifuko, na mchanga huachwa utulie chini. Ndipo huingia katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu cha mita mbili mpaka tano. Hapo taka nzito hushuka chini, na vijidudu visivyohitaji hewa huanza kuimeng'enya. Baada ya siku chache maji husogea katika bwawa la pili, pana zaidi na lisilo na kina kikubwa. Hapo juani huota mwani, mimea midogo inayoyafanya maji kuwa ya kijani. Mwani huo hutoa oksijeni kwa nguvu za jua, na vijidudu vya aina nyingine huitumia hewa hiyo kuila taka iliyobaki. Mwishowe maji huingia katika mabwawa ya mwisho, yenye kina cha mita moja hivi, na kukaa humo yakipigwa na jua siku baada ya siku. Mayai ya minyoo huzama, na vijidudu vya magonjwa hufa kwa wingi sana. Safari nzima huchukua majuma kadhaa. Huko Moshi, maji yatokayo katika mabwawa ya Mabogini yameweza hata kutumiwa na wakulima kumwagilia mashamba ya mpunga.

Tazameni basi: hakuna uchawi wala mwujiza. Jua, hewa, mwani na vijidudu ni viumbe vya Mungu, navyo vyafanya kazi ambayo Muumba alivipa tangu mwanzo. Kazi ya binadamu ni kuviandalia mahali na kuvipa muda wa kutosha. Hapo twaliona neno la kitabu cha Mwanzo likitimizwa, ya kwamba mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza. Na tukisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 23, twaona kwamba Waisraeli walipokuwa kambini jangwani, kila mtu aliagizwa awe na chombo cha kuchimbia, ili afukie uchafu wake nje ya kambi, kwa kuwa Mungu mwenyewe alitembea katikati yao. Mungu hakuona kwamba jambo la choo ni dogo mno kuwekwa katika Sheria.

Huenda mtu akasema kwamba taabu hii ni ya nchi maskini tu. Sivyo. Katika kiangazi cha mwaka 1858 Mto Thames wa London, mji uliokuwa tajiri kuliko miji mingi duniani, ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa katika jumba lao lililo kando ya mto. Mapazia ya madirisha yalichovywa katika dawa ya chokaa ili kupunguza harufu, na haikufaa. Miaka mingi maskini wa London walikuwa wamekufa kwa kipindupindu, na fedha hazikupatikana. Uvundo ulipoingia Bungeni, fedha zilipatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikubwa chini ya mji, na kazi kubwa ilifunguliwa mwaka 1865.

Ilikuwa kazi ya sifa, nayo iliokoa maisha ya wengi. Lakini ilikuwa na kasoro moja. Majitaka hayakusafishwa. Yalipelekwa mbali, upande wa mashariki wa mji, yakamwagwa mtoni wakati wa maji kupwa. London ilisafika, na watu wa huko chini wakapokea uchafu wake. Mwaka 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na mahali hapo, wakafa watu zaidi ya 600, na wengi walisema kwamba walioweza kuogelea nao waliuawa na uchafu wa maji. Baada ya hapo ndipo walipoanza kuitenga taka na maji. Hata hivyo mji ulizidi kukua, na mwaka 1957 wataalamu walioupima mto walikuta sehemu ndefu ya kuanzia mjini kuelekea baharini haina samaki kabisa. Ndipo mitambo ya kusafisha ilipopanuliwa na kutengenezwa upya, na katika miaka ya 1960 na 1970 samaki walianza kurudi. Sasa aina zaidi ya 100 za samaki zimeonekana katika Thames.

Mafunzo mawili twayapata hapo. La kwanza, mto uliokufa waweza kufufuka, wala asiwepo mtu wa kukata tamaa juu ya Msimbazi au mto mwingine wowote. La pili, na ndilo kubwa, kuuhamisha uchafu si kuusafisha. Bomba linaloondoa majitaka mlangoni petu na kuyamwaga mlangoni pa mwingine ni bomba la mtu anayejipenda mwenyewe. Mtambo wa kusafisha ndio unaolibadilisha bomba hilo liwe kazi ya haki. Ni mahali ambapo mji mzima wamwambia mtu asiyejulikana, aliye chini bondeni: "Tumetumia maji kabla yako, twakuachia yakiwa safi, nawe upate kuyatumia."

Sasa, wasomaji wapenzi, tusiishie kuinyoshea kidole serikali. Ni kweli kwamba kujenga mtambo ni kazi ya wenye mamlaka, na watadaiwa hesabu kwa kazi hiyo. Ni kweli pia kwamba mwenye kiwanda anayefungulia maji yenye sumu usiku hutenda dhambi kubwa kuliko ya mwenye choo kimoja. Lakini mtambo uliojengwa vema waweza kuuawa na sisi wenyewe. Huuawa na anayetupa chooni matambara, nepi na mifuko ya plastiki, hata bomba likaziba na chemba ikafurika barabarani. Huuawa na anayeunganisha maji ya mvua ya paa lake na bomba la majitaka, hata siku ya mvua mabwawa yakafurika kabla ya kumaliza kazi. Huuawa na anayemwaga mafuta ya kukaangia katika karo la jikoni. Huuawa na anayeng'oa mfuniko wa chuma wa chemba akauuza kama chuma chakavu. Huyo asiiite ujanja, maana Amri ya Saba yauita wizi, na mtoto akitumbukia humo aijue pia Amri ya Tano. Tena huuawa pole pole na asiyelipa ada yake, na mkubwa anayekula fedha za kuondolea tope, hata bwawa likajaa tope na maji yakapita juu juu bila kusafishwa.

Twajua jibu la wengi. "Padre, gari la kunyonya majitaka ni ghali, nami ni mtu maskini." Jibu hili si la kudharauliwa. Mara nyingi maskini aliye mbali na bomba hulipa fedha nyingi kwa safari moja ya gari, na tajiri aliyeunganishwa hulipa kidogo kila mwezi. Hapo haki imepinduliwa, na twawaomba wakuu wa miji waitazame bei hiyo kwa jicho la huruma, na wajenge mabwawa karibu na wanakoishi watu, ili magari yasiende mbali. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa kuwa uhai wategemea hayo. Lakini haki ya maskini wa juu haiwezi kulipwa kwa watoto wa maskini wa bondeni. Jumuiya ya Kikristo yenye kaya kumi au ishirini yaweza kuweka akiba kidogo kidogo, ikaita gari mara moja kwa nyumba kadhaa, ikapatana bei. Twachangiana kwa arusi na kwa mazishi, wala hakuna anayeona ajabu. Tuchangiane pia ili mazishi yapungue.

Nasi watu wa Kanisa tusijifiche. Twazo parokia, shule, seminari na hospitali nyingi, na nyingine zimejengwa vilimani, juu ya vijiji. Tumepata kuona, katika nyumba mojawapo ya dini ambayo hatutaitaja, chemba imefurika majuma mengi, maji yake yakishuka kwa mfereji mdogo mpaka kwenye kijito wanakoteka wanakijiji. Kila siku tuliipita tukienda kanisani kusali, na tuliyempita alikuwa jirani yetu. Yule kuhani na yule Mlawi wa Injili nao walipita kando wakiwa njiani. Twakiri kosa hilo kabla ya kumhubiria mtu mwingine, na twawasihi wakuu wa nyumba zetu watoke leo hii wakatazame maji yao yanaishia wapi.

Neno moja tena, juu ya wale wanaofanya kazi hii. Wazibua mabomba, waendesha magari ya majitaka na watunza mabwawa hudharauliwa, hata watoto wao huchekwa shuleni. Lakini hao hushuka mahali ambapo hewa yaweza kuwa na sumu ya kuua kwa dakika chache, na wako waliokufa katika mashimo hayo. Bwana Wetu Yesu Kristu, usiku ule kabla ya mateso yake, alijifunga kitambaa akawaosha mitume miguu. Kazi ya kuondoa uchafu wa wengine aliifanya kwa mikono yake mwenyewe. Mwajiri asimshushe mtu shimoni bila kamba, bila vifaa na bila mwenzi wa kumwangalia. Na mzazi asiwatishe watoto wake kwa kazi ambayo Bwana mwenyewe hakuionea haya.

Nabii yuleyule Ezekieli, aliyewakemea kondoo, aliona mwishoni mwa kitabu chake mto ukitoka Hekaluni. Ulianza kama kijito, ukazidi kina, ukashuka mpaka bahari iliyokufa, na kila ulipopita palikuwa na uhai, samaki wengi, na miti yenye matunda. Twaweza kuupima Ukristo wetu kwa maono hayo. Maji hutoka katika nyumba zetu kila siku na kushuka bondeni. Je, yanapopita huleta uhai au huleta kifo?

Basi masika ijayo, mvua itakapopiga juu ya bati usiku na shimo likiwa limejaa, mkumbukeni mama yule aliye chini. Hamlijui jina lake, lakini Mungu alijua. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kumwona jirani hata gizani, na nguvu ya kulipa gharama ya haki kabla ya mvua kuanza. Amina.